Mtu wa Kukugeuza Usiku

Ukipanda matatu asubuhi kutoka Kayole kuja tao hapa Nairobi, kuna wakati makanga anaongeza redio na gari nzima inanyamaza. Ni ile saa ya wapenzi waliokosana kupatanishwa hewani. Mwanaume amepiga simu anaomba bibi yake arudi, bibi naye anapigiwa, na sisi wote kuanzia dereva mpaka yule wa kiti cha nyuma kabisa tunasikiliza ndoa ya watu tusiowajua. Mimi husikiliza kwa makini sana, na kuna kitu nimekiona: wale watu karibu hawagombani juu ya mapenzi yenyewe. Ni nadra usikie mtu akisema aliacha kunipenda. Utasikia mtoto alilazwa na hukukuja. Ulichukua pesa ya chama ukazima simu. Mamako alinitusi mbele ya wageni ukaangalia chini. Nilikuwa na mimba, ukahama. Yaani kila shtaka ni la mtu ambaye hakuonekana pale alipotakiwa kuonekana, na kwenye matatu watu wanaguna kwa sababu kila mmoja anajua hiyo kitu inauma vipi.

Nimekaa na hii maneno muda mrefu, wacha niiandike.

Naona mapenzi tunayoyaongelea hapa mjini yamekuwa madogo. Tumeyafanya ya watu wawili, vijana, wenye afya, na hata hao wawili tunawataka tu ile miezi ya kwanza wakati simu ikilia mtu anatetemeka. Februari ikifika City Market pale Muindi Mbingu inajaa waridi, na mengine mengi sana yanatoka mashamba ya Naivasha yanapandishwa ndege kwenda Ulaya, wanawake wakiyakata na kuyafunga masaa marefu ili wapenzi wa watu wengine huko Uholanzi na Uingereza wapate maua kwa wakati. Sina ubaya na maua, nayapenda. Lakini kijana akifikiri hilo ua ndilo lote, nasikia uchungu, kwa sababu vitabu vyetu vyenyewe, vya fasihi na vya dini, havikuwahi kuyabana mapenzi hivyo.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, aliutunga 1858 na akafariki miaka michache baadaye. Watu wengi waliousoma wanakumbuka zile beti za mume tu: akilala usimpigie kelele, mpapase, asikose mtu wa kumpepea. Na wanawake wengi wa rika langu wakifika hapo wanafunga kitabu, nami nawaelewa kabisa, kwa sababu tumeona mama zetu wakipepea watu maisha yao yote na hakuna siku hata moja mtu aliwapepea wao. Lakini rudi mwanzo wa utenzi. Mama anamwita binti yake asogee, alete wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata kumwambia neno jema. Ndiyo inaanza hivyo! Huyo ni mgonjwa anayejua anaondoka, anaharakisha kumwachia mtoto kila kitu anachokijua kuhusu kuishi na watu, adabu, dini, mhitaji akija mlangoni asisumbuliwe bali apewe kwa kadri ya uwezo, na mume pia. Tumeuita utenzi wa mume na mke miaka yote hii na mapenzi makubwa yaliyomo ni ya mama kwa binti.

Na zile beti za kupepea, mimi sitazitupa. Ubaya wake kwangu ni kwamba upepo unaenda upande mmoja peke yake. Mwanaume naye apepee.

Shaaban Robert wa Tanga (1909 hadi 1962) ni hivyo hivyo. Ametunga mengi juu ya mapenzi, lakini lile shairi lake ambalo watu wazima wanalisoma wakalia ni Amina, na Amina ni mkewe aliyekwisha kufa. Utenzi wa Hati nao ni wa baba kwa binti yake. Sijui kama tunaona uzito wa hapo. Huyu ndiye tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa, na ukitafuta mapenzi kwake unamkuta amekaa na marehemu na mtoto.

Halafu kuna ule wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi hapa hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 60 na baadaye Miriam Makeba akauzungusha dunia nzima, na leo hakuna mkahawa wenye bendi ambao hauupigi, watalii wakitabasamu. Ni wimbo wa huzuni sana ukiusikiliza vizuri. Kijana hana mali. Basi. Msichana hajamkataa, hakuna adui, hakuna mchawi, ni mfuko tu ulio wazi unaosimama kati ya watu wawili. Miaka sitini imepita na bado najua vijana huku Umoja na Githurai ambao wameishi pamoja miaka na miaka, watoto wawili watatu, na hawajawahi kwenda kwao kina msichana kwa sababu wanaona aibu kwenda mikono mitupu, na kila Krismasi wakisafiri kila mtu anaenda kwao peke yake. Watu wanawasema vibaya, ati hawajaoana. Mimi nikiona mwanaume anaamka saa kumi kwenda Marikiti kubeba magunia na jioni anarudi na maziwa ya mtoto, na anafanya hivyo kila siku, siwezi kumwambia hajui ndoa. Ningependa aende kwa wakwe, ndiyo, akae chini na wazee hata na kidogo alichonacho, kwa sababu yule msichana ana wazazi ambao nao wanampenda na wana haki ya kujua anakaa na nani. Lakini wazee nao wapunguze hesabu.

Siku hizi watoto wa sekondari wanasoma Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, na nafurahi sana wanaisoma. Sara ni mgonjwa. Neema, binti yake aliye mjini, anahangaika na matibabu ya mama huku ana nyumba yake na mume wa kuelewana naye. Na Yona, mume wa Sara, ni mtu aliyezama kwenye pombe akampiga mkewe, na sasa ugonjwa umeingia na ni lazima ajifunze kuwa mume akiwa tayari ana mvi. Hakuna busu pale. Kuna dawa, nauli, chakula cha mgonjwa, na lawama za zamani ambazo hazijaisha. Hiyo ndiyo familia nusu ya watoto darasani wanatoka, na mwalimu akiwauliza mapenzi yako wapi kwenye kitabu hiki nadhani wataonyesha haraka kuliko sisi.

Sasa tuje kwa dini.

Kwenye harusi za Nairobi, iwe ni kanisa la mawe lenye bustani au la mabati pale Pipeline, utasomewa Wakorintho wa Kwanza 13. Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu. Bibi harusi anafuta machozi, kamera zinasogea. Ni maneno mazuri kuliko karibu yote niliyowahi kusoma. Ebu basi siku moja kaa usome hiyo barua yote kuanzia sura ya 1. Paulo hakuwa anaandikia maharusi kabisa. Yeye mwenyewe hakuwa na mke, na sura ya 7 ya barua hiyo hiyo anawaambia wasiooa na wajane ni heri wakae kama yeye alivyo. Aliandikia kanisa lililopasuka vipande: mimi ni wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa. Walikuwa wanapelekana kortini ndugu kwa ndugu. Wakikutana kula chakula cha Bwana kila mmoja anatangulia kula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa, iko sura ya 11 hiyo. Na walikuwa wanashindana karama, nani ananena kwa lugha, nani ni mkubwa. Hao ndio wanaoambiwa upendo hautakabari, haujivuni, hautafuti mambo yake. Kwa hivyo mahali pake hasa ni kwenye kikao cha familia cha kugawa shamba, ni kwenye kamati ya kanisa wakati wa kuchagua mweka hazina, ni kwenye grupu ya wasapu saa tano usiku watu wakirushiana maneno juu ya nani hakuchanga kwa mazishi ya babu. Kusoma kwa maharusi si vibaya, wataihitaji. Lakini tukiifungia harusini, sisi wengine wote tunatoka kanisani tukidhani haituhusu.

Na kuna dhambi nyingine tunaifanya na hiyo sura, na hapa sitaongea kwa upole. Kuna wanawake wameambiwa "upendo huvumilia" wakiwa na jicho limevimba. Wameambiwa na mama zao, na viongozi wa dini, na marafiki wa maombi. Januari 2024 maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na wengi waliouawa waliuawa na watu waliowajua, wengine watu waliosema wanawapenda. Sura hiyo hiyo, mstari wa 6, inasema upendo haufurahii udhalimu bali hufurahi pamoja na kweli. Mbona huo hatuusomi kwa sauti? Kuvumilia ugonjwa wa mtu ni kitu kimoja, kuvumilia ngumi yake ni kitu kingine kabisa, na anayekuchanganyia hizo mbili hakutakii mema hata akiwa amevaa kanzu ya kuhubiri. Ondoka kwanza, mengine tutayaongea ukiwa hai.

Kwa ndugu zetu Waislamu, kwenye nikaha husomwa mara nyingi aya ya 21 ya Surat Ar-Rum, kwamba katika ishara za Mwenyezi Mungu ni kuwaumbia wenzi kutokana na nafsi zenu ili mpate utulivu kwao, akajaalia baina yenu mapenzi na huruma. Rafiki yangu wa Eastleigh, tuliyesoma naye, aliniambia nyanya yake alikuwa anawaeleza mabinti hivi: mapenzi yatapanda na kushuka, huruma ndiyo itakayokupikia uji ukiwa huna meno. Nimeipenda sana hiyo. Na kuna ile hadithi ya Mtume iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba hatoamini mmoja wenu mpaka ampendee nduguye anachokipendea nafsi yake. Hapo tena si mume na mke, ni ndugu, ni jirani, ni yule wa duka la chini.

Msamaria kwenye Luka 10 ndiye ananimaliza kabisa. Huwa tunakumbuka alimhurumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Tunasahau mambo ya pesa. Anatoa dinari mbili anampa mwenye nyumba ya wageni, na kwenye Mathayo 20 dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hivyo ni kama siku mbili za mjengo. Halafu anasema chochote utakachogharimiwa zaidi, nikirudi nitakulipa. Yaani ameacha deposti na akasaini bili iliyo wazi ya mtu asiyemjua jina! Mtu yeyote ambaye amewahi kusimama kwenye dirisha la malipo la hospitali hapa Nairobi akiambiwa mgonjwa wake hatoki mpaka salio liishe, huyo anajua Yesu alikuwa anaongea juu ya nini.

Mamangu mdogo anaishi Dandora, ghorofa ya tatu, ploti isiyo na lifti. Mumewe alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala na maneno yakapotea, akabaki na machache tu ambayo wao nyumbani ndio wanayaelewa. Walipotoka hospitalini nesi aliwaambia kitu kimoja cha lazima: mgeuzeni kila masaa mawili, mchana na usiku, la sivyo atapata vidonda vya kulala, na vidonda hivyo vinaua. Sikiliza hiyo tena. Kila masaa mawili. Mama mdogo anauza mitumba Gikomba, anatakiwa kuwa huko alfajiri wakati bela zinafunguliwa. Kwa hivyo waliandika ratiba wakaibandika jikoni, na ratiba ina majina ya nyumba nzima. Saa nne ni ya mvulana wa mwisho, wa kidato cha pili. Saa sita ni ya mama. Saa nane ni ya mvulana mkubwa, anarudi kazini usiku anageuza baba kabla hajavua viatu. Nimelala pale mara nyingi, namwona yule mdogo akimlaza baba upande wa pili, anaweka mto kati ya magoti ili yasisuguane, halafu anapitisha kiganja mgongoni taratibu akitafuta mahali ngozi imeanza kupata joto, kwa sababu jotojoto hilo ndilo linakuambia kidonda kinataka kuanza. Anampapasa. Mwana Kupona aliandika hilo jambo kwa ajili ya mke peke yake, na huyu mtoto wa kiume wa Dandora, aliyewahi kunung'unika kwamba fasihi ni ngumu, analifanya kila usiku na kesho yake ana hesabu.

Siku za kliniki kuna kijana wa boda anayekaa chini, anapanda mpaka juu, anambeba mzee mgongoni mpaka kwenye gari. Si mtu wao. Ni kabila lingine, dini nyingine, kodi anadaiwa miezi miwili. Jirani wa mlango wa pili anafua mashuka. Mashuka ya mgonjwa wa hivyo si ya kufua hivi hivi, wale wamewahi kuuguza wananielewa, na yeye anafua na hataki kutajwa.

Na kuna mchango. Tuliunda grupu, mweka hazina akawa binamu yangu, jina na kiasi vinaandikwa kwenye orodha kila mtu akituma. Watu wa nje huwa wanacheka hii michango yetu, kwamba simu za Wakenya zimejaa grupu za matanga na hospitali. Mimi naiheshimu sana. Nimeona mia mbili ikiingia kutoka kwa mtu ninayejua kabisa ametoa kwa Fuliza, maana yake amekopa ili asaidie, atakatwa M-Pesa yake ikiingia kitu. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 3, unauliza mtu akiwa na riziki ya dunia akamwona nduguye ni mhitaji akamzuilia huruma zake, upendo wa Mungu unakaaje ndani yake, halafu mstari unaofuata unasema tusipende kwa neno wala kwa ulimi bali kwa tendo na kweli. Lakini hiyo orodha nayo ina kitu kinanisumbua. Hesabu lazima iwe wazi, sawa, pesa za watu si mchezo. Sasa yule kijana wa boda jina lake haliko. Wa mashuka haliko. Na kuna mtu ameona jina lake lina sufuri akanyamaza, akaacha hata kupiga simu ya pole kwa aibu, wakati mgonjwa angefurahi tu kusikia sauti yake. Nilimwomba binamu yangu orodha ibaki kwa kamati na grupuni iandikwe jumla peke yake. Wengine walipinga wakasema watu watalegea. Tulijaribu hivyo, na simu za kuulizia mgonjwa ziliongezeka, hilo naliona kubwa kuliko jumla yoyote.

Mama mdogo hasemi anampenda mumewe. Sijawahi kumsikia. Wakati mwingine amechoka mpaka anafoka, anamwambia mzee na wewe leo umekuwa mzito, na mzee anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Na simwoni kama malaika, ni mtu anahitaji kulala. Ndiyo maana ile ratiba ya jikoni naiona ni ya thamani sana: bila majina mengine pale, mapenzi yangemuua yeye kwanza. Kuna nyumba nyingi mjini hapa ambazo mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, mara nyingi binti ambaye hajaolewa, ameachiwa mgonjwa peke yake na ndugu wote wanamsifu kwa mbali kwamba ana moyo. Msimsifu. Chukueni zamu ya saa nane.

Sasa binti ya kaka yangu anafunga ndoa Desemba, kanisa liko South B, na amenitumia ujumbe: shangazi, nichagulie somo, lakini tafadhali si Wakorintho. Nimemchagulia Ruthu sura ya 1. Alifurahi kwa sababu anaijua ile ya watu wako watakuwa watu wangu na Mungu wako atakuwa Mungu wangu, ameiona kwenye kadi nyingi. Nikamwuliza anajua ni nani anamwambia nani? Hakuwa anajua. Ni mkwe anamwambia mama mkwe wake, njiani, wote wawili wajane. Elimeleki, mume wa Naomi yule mama mkwe, amekufa, wanawe Maloni na Kilioni wamekufa, mkwe mwingine Orpa amelia akarudi kwao na hakuna anayemlaumu, Naomi mwenyewe anamfukuza Ruthu kwa wema kwa sababu hana kitu tena cha kumpa, hana mwana mwingine. Ruthu anakataa kwenda. Na sura ya 2 inamkuta shambani anaokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji, ili yule mama ale.

Nimemwambia somo lianze mstari wa 1, wasirukie ule wa 16. Amekubali. Mchungaji ndiye anaona vifo vitatu ni vingi sana kwa siku ya harusi, tutaongea naye Jumapili baada ya ibada.